Bustani ya Uani: Maswali ya Masika

Barua nyingi za mwezi huu zina lalamiko moja lililovaa nguo tofauti: miche imelala, majani yamegeuka manjano, mitungule imenyauka ilhali udongo umeroa. Walioandika wengi walishaongeza mbolea kabla ya kuuliza. Masika yakiwa mazito hivi, kabla hujaenda dukani tia kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, kisha inua chungu utazame chini yake. Majibu mengi ya humu yanaanzia hapo.

SWALI: Niliatika tungule na pilipili boga kwenye treya za mayai mwanzoni mwa Aprili. Tungule ziliota siku ya sita, pilipili siku ya kumi. Baada ya wiki moja miche ikaanza kuanguka mmoja mmoja, shina limenywea kama uzi pale linapotokea udongoni. Namwagilia asubuhi na jioni, na juu nimefunika nailoni mvua isiipige. Mbegu ni mbovu?
(Msomaji wa kike, Jang'ombe)

JIBU: Dada yetu, mbegu zako hazina kosa, zingekuwa mbovu zisingeota kwa wakati namna hiyo. Huo ni ugonjwa wa miche kulala. Vimelea vyake vimo udongoni siku zote (Pythium na Rhizoctonia ndio wanaotajwa zaidi), na vinangoja mambo matatu: unyevu usiokatika, hewa iliyotuama, na miche iliyobanana. Nailoni na maji mara mbili kwa siku vimeyatoa mawili ya kwanza. Treya ya mayai nayo ni karatasi, inanyonya maji na kuyashika, halafu kina chake hakifiki hata sentimita 5, kwa hiyo udongo wake haupati nafasi ya kukauka.

Mche ulioanguka haunyanyuki tena. Uchote pamoja na kijiko kizima cha udongo unaouzunguka, utupe mbali na kitalu. Iliyobaki ondoa nailoni leo hii, isogeze barazani chini ya paa, mahali penye mwanga na upepo kidogo. Usimwagie juu tena. Weka treya ndani ya beseni lenye maji ya sentimita 2, iache dakika kumi, itoe. Halafu ngoja mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, kutoka weusi wa maji kuwa hudhurungi ya kukauka, ndipo urudie. Kwa hali ya hewa ya sasa huenda ikawa mara moja kwa siku mbili. Kama ni lazima kumwagia kwa juu, iwe asubuhi, shina lipate mchana mzima wa kukauka. Mche unaolala na maji ndio unaoamka umeanguka.

Wengine watakwambia unyunyize unga wa mdalasini. Unaweza kuzuia ukungu wa juu kidogo, lakini kama udongo chini ni uji, mdalasini wako bora uutie kwenye pilau.

Bado una muda wa kuatika upya. Miche ya katikati ya Mei itahamishwa katika kipupwe, na huo ndio wakati tungule hufurahi: jua si kali, mvua imepungua. Chekecha sehemu 2 za vumbi la makumbi, sehemu 1 ya samadi iliyooza kabisa (haina harufu, ukiishika haikuachii joto kiganjani) na sehemu 1 ya mchanga wa bonde. Kwa kila lita 5 za mchanganyiko mwagia lita 2 za maji yanayochemka, funika mpaka upoe, kisha uache uchuje. Njia ya kuanika udongo juani ndani ya nailoni ni nzuri, ila ni ya kaskazi. Sasa hivi jua halina ahadi.

Tumia vikombe vya plastiki vyenye kina cha sentimita 8, kila kimoja matundu manne chini. Mbegu mbili kwa kikombe: tungule nusu sentimita, pilipili sentimita 1. Zote mbili zikiota, dhaifu ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa utaivuruga na mizizi ya mwenzake. Mbolea hakuna mpaka yatoke majani mawili ya kweli, yaani yale yanayofuata majani ya mbegu, yenye sura ya mmea wenyewe. Na ukiona mche umerefuka mwembamba unainamia dirishani, una njaa ya mwanga. Usogeze nje zaidi. Ukiutia mbolea utazidi kurefuka tu.

Mche wa tungule huhama ukiwa na majani ya kweli manne hadi sita, kama wiki tano tangu mbegu. Wiki ya mwisho uzoeshe jua: siku ya kwanza jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kila siku uongeze, siku ya saba ushinde nje. Ukiupanda, uzike shina mpaka karibu na majani ya chini, kwa sababu shina la tungule hutoa mizizi popote linapofukiwa. Pilipili boga usiizike hivyo. Iweke kwa kina kilekile ilichokuwa nacho kikombeni.

SWALI: Sisi huku udongo ni uwanda, ukipiga jembe unakutana na jiwe. Kwa hiyo nimejaza ndoo za lita 20 kwa mchanga wa pwani, samadi, na makapi ya makumbi yanayobaki kinamama wakishapiga usumba wa kamba. Chini nimepanga mawe ili maji yashuke. Mdimu na mipilipili imegeuka manjano ila mishipa ya majani imebaki kijani, na majani ya zamani yameungua ncha. Nimetia samadi zaidi, hakuna tofauti.
(Mzee wa Jambiani)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Kazi umeifanya kwa mikono, lakini vitu vitatu ulivyovitia ndani ya ndoo vinapigana na mmea.

Wa kwanza ni mchanga wa pwani. Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na hiyo ni chokaa. Chukua kijiko kimoja, kitie kwenye kifuniko cha chupa, kitone siki. Kama unachemka na kutoa povu, chokaa imo. Rudia kwa mchanga wa bonde, ule unaotoka bara ya kisiwa. Usipotoa povu ndio wa kutumia. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hufungika na mizizi haiwezi kuyanywa. Jani jipya linatoka manjano na mishipa yake kijani, kama ulivyoeleza. Samadi haitibu hilo. Chuma kimo ndoo nzima, mmea haukifikii.

Wa pili ni chumvi. Makumbi ya kamba hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa, kwa hiyo makapi yake yamelewa maji ya bahari. Ncha zilizoungua ndiyo alama. Makapi hayo ni mali nzuri kwa bustani, usiyatupe, ila yaoshe kwanza. Yatie ndani ya gunia, yaloweke kwenye maji matamu usiku mmoja, mwaga, na ufanye hivyo mara tatu. Masika hii gunia unaweza kuliacha chini ya mchirizi wa bati wiki mbili, mvua ikuoshee bure. Onja tone la maji yanayotoka: ukisikia chumvi ulimini, bado.

Wa tatu ni mawe. Hili wengi watabisha, maana kila mtu amefundishwa kuweka mawe au vigae chini ya chungu. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ichovye ishibe, ilaze kiganjani mpaka iache kutona. Kisha isimamishe wima: inatona tena. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimo. Udongo nao uko hivyohivyo, huachia maji kwa uzito wa maji yaliyo juu, na sehemu ya chini kabisa hubaki imeshiba hata mvua ikikatika. Mawe hayanyonyi safu hiyo; yanaipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Ndoo ya sentimita 35 ukiitia mawe ya sentimita 8 umeifanya ndoo ya sentimita 27. Na kama mawe yenyewe ni ya matumbawe, umeongeza chokaa juu ya chokaa.

Basi ng'oa mmoja mmoja jioni, kung'uta mizizi taratibu, panda upya. Ndoo itobolewe matundu manane chini na manne ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa msumari mnene uliopashwa moto. Tundu liwe kama upana wa penseli. Juu ya matundu tandaza kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usitoke. Mchanganyiko: sehemu 2 udongo mwekundu wa shamba au wa chini ya miti, sehemu 1 samadi iliyooza, sehemu 1 makumbi yaliyooshwa. Ndoo isikae sakafuni moja kwa moja, iinue kwa vipande vitatu vya tofali.

Maji ya kisima cha pwani nayo mara nyingi yana chokaa na chumvi, hivyo mdimu wako upe maji ya mvua kila unapoweza. Ukitaka manjano yaondoke haraka, maduka ya pembejeo huuza chuma aina ya cheleti. Omba ile inayofaa udongo wa chokaa, EDDHA, kwani aina nyingine huachana na chuma mapema katika udongo kama wenu. Majani mapya yatatoka kijani. Yaliyoungua ncha hayaponi, wala usihangaike nayo. Jivu la jikoni lisiguse ndoo hizi kabisa. Linafanya kazi ileile ya chokaa.

SWALI: Mitungule yangu minne ilikuwa na maua. Jumatatu mmoja ulinyauka mchana, usiku ukarudi, Jumatano ukafa ungali kijani. Sasa wa pili umeanza. Udongo umeroa.
(Chake Chake, Pemba)

JIBU: Kunyauka udongo ukiwa umeroa kuna sababu mbili kubwa, na tiba zake hazifanani, kwa hiyo pima kwanza.

Kata shina la mtungule uliokufa karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole. Jaza gilasi maji safi, kitumbukize kipande ukikishika kwa juu kisiguse chini, utulie dakika tano mbele ya mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe kama moshi au maziwa zinashuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria, Ralstonia solanacearum. Anaingia kwa mizizi, anaziba mirija ya maji, na udongo wa joto uliolowa ndio raha yake.

Usipoona nyuzi, ng'oa mmea utazame mizizi. Mizizi hai ni myeupe na migumu. Ikiwa ya kahawia, inavuliwa ngozi kama soksi na inanuka kinamasi, imezama. Hapo ongeza matundu, inua ndoo, simamisha maji, na mitungule iliyobaki ina nafasi.

Kama ni bakteria, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouokoa, yeyote atakayekuuzia. Ng'oa, choma ikikauka au zika mbali. Udongo wa ndoo hiyo usiutie tena tungule, biringani, pilipili wala viazi mviringo, maana wote ni jamaa moja na maradhi yao ni mamoja. Ndoo, kisu na kijiti cha kuegemezea vioshe kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, uache dakika kumi. Na maji yanayotoka chini ya ndoo mbovu yasipite kwenye nyingine. Hapo Pemba wengi hupanga ndoo kwenye mteremko wa ua, ya juu ikainywesha ya chini. Zipange kwa upana badala ya mstari wa mteremko.

Kuna nchi za Asia ambako tungule huunganishwa juu ya shina la biringani lenye kuhimili ugonjwa huu. Ni kazi ya subira, lakini anayejua kuunganisha michungwa haitamshinda.

KWA KIFUPI

Kotmiri imekataa kuota (Mwanakwerekwe). Kila kidonge unachokiita mbegu kina mbegu mbili ndani. Kibingirishe chini ya chupa mpaka kipasuke, loweka usiku mmoja, panda sentimita 1 palepale itakapokaa, haipendi kuhamishwa. Huota baada ya siku 7 hadi 14. Ya dukani kwa ajili ya bizari huota pia kama haijakaangwa wala haijazeeka. Usipande kwenye joto la Januari, itakimbilia maua kabla hujapata ya kachumbari.

Mrehani umetoa maua na majani yamekuwa madogo (Fuoni). Katika kila tawi kata juu ya jozi ya pili ya majani kuhesabu kutoka chini, kila wiki mbili. Ukisubiri maua yakauke, umekwisha.

Tungule zina doa jeusi kitakoni (Mkoani). Wengi huzika maganda ya mayai. Ganda huchukua muda mrefu mno kuyeyuka, na tunda limeshaoza. Kalisi (kalsiamu) ambayo tunda limeikosa kwa kawaida imo udongoni, ila hupanda pamoja na maji, na ndoo inayokauka leo na kufurika kesho huyakata maji hayo njiani. Mwagilia kwa kipimo kilekile, tandaza majani makavu sentimita 3 juu ya udongo, punguza urea. Tunda lenye doa litoe, linaliwa ukikata hiyo sehemu.

Konokono wakubwa wanakula miche usiku (Bububu). Waokote kwa tochi saa mbili hadi saa nne usiku, siku tano mfululizo, uwatie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Vaa glavu au mfuko mkononi na uoshe mikono. Chumvi usimwage kitaluni, itaua mche pamoja na konokono. Jivu nalo likinyeshewa mara moja limekwisha kazi.

SWALI: Asumini yangu iko kwenye chungu kikubwa chini ya mwembe mwaka wa tatu. Majani yamenawiri, rangi ya kijani iliyokolea, lakini maua nahesabu kwa vidole. Natia urea kila wiki. Zamani ua huu huu ulinitosha vikuba.
(Mama wa Wete)

JIBU: Mama, majani hayo mazuri ndiyo yanayokula maua yako. Urea ni naitrojeni tupu. Inauambia mmea uendelee kujenga majani na matawi. Iache kabisa kwa miezi miwili, na baada ya hapo tia mbolea ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), kijiko cha chai kimoja kwa chungu cha lita 20, kila baada ya wiki tatu, ukiitawanya kwenye ukingo wa chungu mbali na shina, na umwagilie kabla na baada.

Mwembe nao umekua katika miaka mitatu hiyo. Asumini inataka jua kwa muda wa saa sita kila siku. Isogeze polepole: wiki moja mahali penye jua la asubuhi peke yake, ndipo uitoe uwanjani, la sivyo majani yaliyozoea kivuli yataungua.

Halafu kata. Ua la asumini hutoka kwenye ncha ya tawi jipya, kwa hiyo tawi kuukuu lisilokatwa halina pa kuwekea ua. Mvua zikipungua, mwishoni mwa Mei au Juni, punguza theluthi moja ya kimo, ukikata juu kidogo ya jozi ya majani, na uondoe kabisa matawi membamba ya ndani. Baada ya hapo kila msimu wa maua ukiisha, kata sentimita chache za ncha zilizokwisha kuzaa. Inua na mmea chunguni: ukikuta mizizi imezunguka kama kata ya kichwani, punguza ya nje kwa kisu, sentimita 2 pande zote, uirudishe kwa udongo mpya.

SWALI: Tunaishi ghorofa ya juu Mji Mkongwe. Vichochoro havina jua, kwa hiyo tunataka kupanda mboga juu ya sakafu ya paa. Ndoo ishirini zitafaa? Na maji ya bomba hayatabiriki.
(Shangani)

JIBU: Jua mtapata la kutosha. Linalotaka hesabu kwanza ni uzito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo wa shamba ulioshiba mvua hufika kilo 30 na zaidi. Ishirini ni kilo 600, na nyumba nyingi za hapo sakafu zake zinabebwa na boriti za mikoko zilizolala juu ya kuta za mawe na chokaa. Boriti hushindwa katikati, si kwenye ncha. Pangeni vyombo kando ya kuta nene zinazoshuka mpaka chini, kamwe visirundikwe katikati, na kama dari ya chini ina ufa, doa la maji au boriti iliyopinda, fundi atazame kwanza. Tumieni mchanganyiko mwepesi, nusu makumbi yaliyooshwa na nusu samadi iliyooza, na vyombo vya lita 10 kwa mchicha, mrehani na pilipili. Lita 20 ziwe za mitungule na mabiringani peke yake.

Kila chombo kikae juu ya vigingi vya sentimita 5 ili sakafu ipumue. Maji yanayotuama chini ya ndoo hupenya chokaa na kuozesha ncha ya boriti ndani ya ukuta, na hilo halionekani mpaka limeshafika mbali.

Maji ya mvua yatawasaidia mpaka Juni. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo bati la mita 20 za mraba kwa mvua ya milimita 10 linatoa lita 200. Ukiondoa yanayorukia nje, wekeni 160. Pipa likae chini uani, si juu ya paa, kwa sababu pipa la lita 200 lililojaa ni kilo 200 nyingine juu ya boriti zilezile. Mdomo wake ufungwe chandarua, mbu wasizae.

Upepo sasa unageukia kusi, na Juni hadi Agosti paa litapigwa hasa. Mitungule iwekwe upande wa kaskazini wa ukuta au wa tangi, kila mmoja na kijiti cha mita moja na nusu kilichofungwa pia kwenye ndoo yenyewe, maana kijiti kilichochomekwa kwenye makumbi pekee hakishiki. Fungeni kwa ukanda wa kitambaa kwa mfano wa namba 8, kitanzi kimoja kijitini na kimoja kwenye shina kikiwa na nafasi ya kidole. Mchicha unaweza kukaa popote. Ukilazwa na upepo leo, keshokutwa umesimama.